Kijani Kilichowaka Chekundu

Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja haikuwa na umeme. Usiku mmoja wa Januari, barza zote za mtaa zikiwa kwenye kandili, giza lile lilitufaa: tuliiona klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, ikitoa mwanga wake wenyewe. Darasani, madirisha yakiwa wazi, haionekani.

Wanafunzi watatu walichambua konzi mbili za mchicha, wakatupa vikonyo, wakafuta maji yote, wakatwanga kwenye kinu pamoja na magadi kidogo. Magadi ni muhimu: jani likipondwa hutoa asidi, na asidi huing'oa magnesi, madini yaliyo katikati ya klorofili, kijani kikawa rangi ya zeituni.

Mara ya kwanza tulikosea. Tulitumia spiriti ya kusafishia vidonda, ambayo asilimia 30 yake ni maji. Klorofili ina mkia mrefu unaopenda mafuta na kukimbia maji, kwa hiyo chembe zake hugandamana na kuzimana mwanga. Tukabadilisha: asetoni ya kutolea rangi ya kucha, mililita 30 hivi, ndani ya gilasi ya kioo, maana vikombe vingine vya plastiki hulainika. Dakika 10 gizani, kisha tukachuja kwa pamba.

Nikawasha tochi ya kukagulia noti, ya mwanga wa urujuanimno. Kitu cha mwanzo kung'aa kilikuwa kanzu ya mmoja wao, buluu tupu! Sabuni ya unga huacha kemikali ya kung'arisha nguo nyeupe, nayo hufunika kila kitu. Akajifunika buibui la dada yake. Hapo gilasi ikaonekana.

“Maalim, mbona imekuwa damu?”

Nyekundu ilikuwa ukingoni tu, upande wa tochi, kwa kuwa mchanganyiko ulikuwa mzito na klorofili ilikuwa inameza mwanga wake wenyewe. Tukaongeza asetoni mpaka mwali wa kandili ukaonekana upande wa pili. Gilasi nzima ikawaka.

Jani zima la mchicha, chini ya tochi ileile, lilikuwa jeusi karibu kabisa. Hili ndilo nililotaka walishike. Ndani ya jani, sehemu kubwa ya nishati huenda kwenye usanisinuru, yaani jani kujitengenezea chakula kwa mwanga, au hugeuka joto. Katika kila sehemu 100 za mwanga ulionyonywa, 1 au 2 tu hurudi kama mng'ao. Kwenye asetoni mitambo hiyo imevunjika, na hurudi karibu 30. Tena jani hung'aa kwa vilele viwili, yaani urefu wa mawimbi ya mwanga ambako mng'ao ni mkali zaidi: cha nanomita 685 hunyonywa upya na klorofili iliyo jirani, na cha karibu 740 hutoka, ila jicho letu halikioni vyema.

Jani changa la muembe, jekundu mchana, halikutoa chochote cha maana. Wekundu ule ni anthosianini, rangi inayoyeyuka majini, na mng'ao wake ni hafifu mno.

Mwisho tukafunika jani bichi kwa karatasi nyeusi dakika 20, tukalimulika ghafla na kulitazama kupitia karatasi nyekundu ya peremende. Wekundu ulipanda mara moja, ukafifia pole pole kwa dakika kadhaa, usanisinuru ukiamka. Hans Kautsky aliliona hilo kwa macho matupu Ujerumani, akalichapisha 1931. Walirudia kwa jani la pili. La tatu lilikuwa bado limefunikwa betri ilipokwisha.