Leseni za Remote Desktop: seva ya ofisi inapowafungia watu nje

Ujumbe wenyewe husema kwamba kikao kimekatwa kwa sababu hakuna seva ya leseni ya Remote Desktop (huduma ya Windows ya kufanyia kazi kwenye seva kutoka kompyuta nyingine) inayoweza kutoa leseni. Ofisi inayotumia programu ya uhasibu kama Tally au QuickBooks kwenye seva moja, wahasibu wakiingia wengine kutoka mezani na wengine kutoka tawini, husimama palepale. Wengi wakishausoma hukimbilia kununua leseni nyingine. Ngoja kwanza. Mara nyingi leseni zipo na seva ya leseni inafanya kazi. Shida ni kwamba seva ya vikao, ile inayowapokea watu, haijaambiwa ikaziombe wapi, wala ni za aina gani.

Windows Server inagawa kazi hii kwa majukumu mawili. RD Session Host ndiyo inayopokea watu na kuwafungulia vikao, na RD Licensing ndiyo inayotunza na kutoa leseni. Hata yakiwa yote ndani ya mashine moja, hayafahamiani mpaka uyatambulishe. Usipoyatambulisha, hakuna atakayelalamika mwanzoni, kwa sababu ukishaweka RD Session Host unapewa muhula wa siku 120 ambamo kila mtu anaingia bila kuulizwa leseni. Aliyefunga seva anaondoka akiamini kazi imekamilika, na miezi minne baadaye mlango unafungwa bila mtu yeyote kugusa kitu.

Wewe msimamizi bado una njia ya kuingia. Kwenye kompyuta yako bonyeza Windows+R, andika `mstsc /admin`, bonyeza Enter, kisha uandike jina la seva kwenye dirisha linalofunguka. Njia hiyo ni ya usimamizi, haihitaji leseni na inaruhusu vikao viwili kwa wakati mmoja. Usiwagawie wahasibu nywila ya msimamizi ili wapitie humo. Makubaliano ya leseni hayaruhusu kazi za kawaida kwenye vikao hivyo, na ukiwapa umeshawapa uwezo wa kufuta seva nzima.

Ukiwa ndani, fungua `lsdiag.msc`. Ni chombo cha uchunguzi wa leseni, nacho kitakuambia mambo matatu: aina ya leseni iliyowekwa, seva ya leseni iliyotajwa, na idadi ya leseni zinazopatikana. Ikisema aina ya leseni haijawekwa, au hakuna seva iliyotajwa, umeshaupata ugonjwa. Kwenye Event Viewer utakuta tukio namba 1128 muhula ukiwa umekwisha, au 1130 ikiwa hakuna seva ya leseni iliyotajwa.

Tiba iko kwenye `gpedit.msc`, yaani kihariri cha sera za Windows. Pita Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Remote Desktop Services, Remote Desktop Session Host, kisha Licensing. Washa "Use the specified Remote Desktop license servers" na uandike jina la seva ya leseni, hata kama ni mashine hiyohiyo. Kisha washa "Set the Remote Desktop licensing mode" na uchague Per User (leseni kwa kila mtumiaji) au Per Device (kwa kila kifaa). Endesha `gpupdate /force`, washa seva upya, rudi kwenye `lsdiag.msc`. Kwenye seva isiyo kwenye domeni (mtandao ambao akaunti zake zote zinasimamiwa mahali pamoja), usipoteze muda kutafuta mipangilio hii ndani ya Server Manager, maana haimo. Na kwenye domeni, sera inashinda ulichoweka Server Manager, kwa hiyo vikigongana itazame sera kwanza.

Hapa kwenye kuchagua kati ya Per User na Per Device ndipo ofisi nyingi ndogo zinaponaswa. Leseni za Per User zinahesabiwa kwa akaunti za Active Directory, yaani orodha ya watumiaji wa domeni. Ofisi isiyo na domeni, yenye akaunti zilizotengenezwa kwenye seva yenyewe, haina mahali pa kuziandikia, kwa hiyo inatakiwa kutumia Per Device. Ukilazimisha Per User bila domeni kwenye Windows Server 2019, mtumiaji ataingia vizuri, ataonywa kwamba kuna tatizo la leseni, na kikao kitakatwa baada ya dakika 60. Ataingia tena, atakatwa tena. Fundi asiyejua hili atalaumu mtandao wiki nzima.

Kama Per User zimeshanunuliwa, usizitupe. Fungua `licmgr.exe`, chombo cha kusimamia leseni, bofya pakiti ya leseni kwa kitufe cha kulia na uchague Convert Licenses ili zigeuke Per Device. Kisha ubadilishe na sera ilingane nazo, maana seva ya vikao iliyowekwa Per User haitaomba leseni ya kifaa hata ziwepo mia.

Ndani ya `licmgr.exe` hiyohiyo, hakikisha seva ya leseni imeamilishwa. Jina lake linatakiwa kuwa na alama ya kijani. Isipokuwa nayo, chagua Activate Server. Kama seva haina intaneti unaweza kukamilisha kwa kivinjari cha kompyuta nyingine au kwa simu. Unapoingiza leseni, chagua mpango wa ununuzi ulio kwenye karatasi zako. Pakiti ya rejareja ina msimbo wa herufi 25, Open License ina namba mbili tofauti, na mikataba mikubwa ina namba ya mkataba. Msimbo halali ukiingizwa chini ya mpango usio wake utakataliwa. Kwenye domeni fungua pia Review Configuration: ikikuonya kwamba seva haimo kwenye kundi la Terminal Server License Servers, bonyeza Add to Group ukiwa na akaunti ya msimamizi wa domeni. Bila hilo ripoti ya matumizi ya Per User haitakuwa sahihi.

Matoleo nayo yana kanuni moja isiyopindika: leseni lazima iwe ya toleo la seva ya vikao au jipya zaidi. Leseni za 2016 hazifungui seva ya 2019. Za 2022 zinaifungua. Na seva ya leseni lazima iwe ya toleo linaloweza kuzibeba, yaani seva ya leseni ya 2016 haipokei leseni za 2019. Ukimwagiza muuzaji, mtajie toleo kwa maandishi. Kumbuka pia kwamba leseni ya RDS (Remote Desktop Services) haichukui nafasi ya CAL ya kawaida ya Windows Server, yaani leseni ya mtu au kifaa kutumia seva. Kila mtu au kifaa kinahitaji zote mbili.

Seva ya leseni ikiwa mashine tofauti, kagua fayawoli kati yake na seva ya vikao: TCP 135, 445, na poti za RPC kuanzia 49152 hadi 65535. Kufungua 3389 peke yake hakusaidii kitu, hiyo ni ya watumiaji.

Sasa hali ya kompyuta moja kukataliwa huku nyingine zikiingia. Kwenye Per Device, kifaa kipya hupewa leseni ya muda ya siku 90, na kikirudi mara ya pili hupewa ya kudumu kama ipo. Kama zimeisha, kinaendelea na ya muda mpaka siku ya 90, ndipo kinafungiwa nje. Hiyo "ya kudumu" nayo hukaa kati ya siku 52 na 89 kabla ya kuhuishwa, kwa hiyo laptopu iliyoibwa au kuuzwa itarudisha leseni yake yenyewe kwa wakati wake. Ukiwa na haraka unaweza kuiondoa kwa mkono kwenye `licmgr.exe`, lakini si zaidi ya asilimia 20 ya leseni za toleo hilo kwa wakati mmoja.

Kama leseni zipo na kompyuta hiyo inaleta hitilafu ya itifaki ya leseni, kosa liko kwake. Fungua rejistri kwenye kompyuta ya mtumiaji, nenda `HKLM\SOFTWARE\Microsoft\MSLicensing`, hifadhi nakala, futa, kisha fungua `mstsc` mara moja kwa Run as administrator. Hatua hiyo ya mwisho inarukwa sana, na bila hiyo Windows haiwezi kuandika upya ilichofutiwa.

Utakutana na ushauri wa kufuta ufunguo wa GracePeriod kwenye rejistri ya seva ili siku 120 zianze upya. Usiufuate. Ni kuvunja makubaliano ya leseni, na tatizo litarudi lilelile miezi minne mbele, pengine wakati wa kufunga hesabu za mwaka.

Kabla hujaondoka, angalia masasisho ya usalama ya seva ya leseni. Udhaifu CVE-2024-38077, uliozibwa Julai 2024, unamwezesha mvamizi kuendesha msimbo kupitia huduma ya RD Licensing bila nywila yoyote. Seva ambayo haigawi leseni lakini ina jukumu hilo, iondolee kabisa kupitia Remove Roles and Features.