Vitabu vya Uskoti: anza na Stevenson, Waverley isubiri

Hapa Uganda ukitaja Uskoti kwenye mazungumzo ya vitabu, utajibiwa The Last King of Scotland. Riwaya hiyo ya 1998 ni ya Giles Foden, Mwingereza. Mskoti ni daktari Garrigan tu, naye ni wa kubuni. Isome kwa ajili ya Amin ukipenda; Uskoti wenyewe uko kwingine.

Anza na Kidnapped (1886) ya Robert Louis Stevenson, yule ambaye Treasure Island yake ilitafsiriwa zamani kuwa Kisiwa chenye Hazina. David Balfour anauzwa melini na baba yake mdogo anayeng'ang'ania urithi, kisha anatoroka kwa miguu milimani na mwasi Alan Breck. Mauaji ya Appin yaliyomo yalitokea kweli, ila mwaka 1752; Stevenson ameyarudisha 1751, kwa hiyo tarehe zake usizinukuu kwenye insha.

Kinachowakwamisha wengi ni lugha. Kiskoti si Kiingereza kibovu. Ni kama Muganda akimsikiliza Msoga: unafuata vizuri, mara umepotea. Na maneno mageni kama "bairn" (mtoto) hayana neno, maana yatakupeleka kwenye faharasa (orodha ya maana za maneno) yenyewe. Hatari ni yale unayodhani unayajua. "Greet" ni kulia, si kusalimu. "Mind" ni kukumbuka. Mskoti akisema "I doubt it'll rain", beba mwavuli: anamaanisha mvua itanyesha.

Kwa mshairi Robert Burns, basi, usinunue toleo lisilo na faharasa. Hata lile la kwanza, lililochapwa Kilmarnock 1786 nakala 612, lilikuwa nayo mwishoni. Bora zaidi maana ziwe pembeni mwa ubeti, usilazimike kufunua kurasa kila mstari. Kisha soma kwa sauti. Tahajia inayotisha machoni mara nyingi hueleweka masikioni. Chukua shairi la panya, la Novemba 1785: mkulima amevunja kiota kwa plau, anamwomba panya radhi, anakiri kuwa mipango ya panya na ya watu "gang aft agley". Gang ni kwenda, aft ni mara nyingi, agley ni mrama. Huenda mrama mara nyingi! Kiingereza sanifu hakina neno linaloketi hapo vizuri kama mrama.

Sunset Song ya Lewis Grassic Gibbon (1932) ndiyo ningeiweka juu ya zote, na ndiyo inayoachwa njiani kuliko zote. Kosa ni kung'ang'ania utangulizi wake, uliojaa ukoo na mashamba ya Kinraddie. Uruke, ingia kwa Chris Guthrie, urudi baadaye. Usitafute alama za kunukuu pia: maneno ya wahusika yamewekwa kwa herufi za mlazo.

Waverley ya Walter Scott (1814) inajikokota hadi sura ya 8, shujaa anapofika Tully-Veolan. Lanark ya Alasdair Gray (1981) inaanza na Kitabu cha Tatu. Usiirudishe dukani ukidhani mpiga chapa amekosea.

Upande wa historia, yaani jinsi wakulima walivyoondolewa kwenye ardhi ya milimani (Clearances), soma The Highland Clearances ya John Prebble (1963), halafu The Scottish Clearances ya T. M. Devine (2018). Mpangilio huo una sababu. Prebble anasimulia kwa hasira, na wanahistoria wamemkosoa. Devine anapima ushahidi, na anaonyesha kuwa hata wakulima wa nyanda za chini waliondolewa, jambo lililosahaulika. Mwenye kibanja ataelewa haraka kuliko msomaji wa London: wenyeji waliamini ardhi ya ukoo ni yao kwa kuikalia vizazi, karatasi zikawa za chifu, na chifu akaona kondoo wanalipa zaidi.

Burns, Scott na Stevenson wako bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Pakua maandishi matupu. Kidnapped nzima haifiki MB moja. Burns kwenye simu ana usumbufu wake: faharasa ikiwa mwisho wa faili, ifungue kwenye dirisha la pili kabla hujaanza shairi.