Mpira wa mikunjo chini ya gari la kulala
Mnaokuja Malindi na gari la kulala, chungulieni chini ya tangi la maji ya sinki na bafu. Ule mpira wa mikunjo unaotoa maji machafu nje ukilegea katikati, maji husimama, mafuta ya chakula na mchanga wa ufuoni hunasa humo, harufu ikarudi ndani. Ukizibua kwa waya utautoboa tu.

Bakisha sentimita 30 za mpira pale mwisho; kwingine kote weka bomba gumu la PVC la inchi moja na nusu. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, na vishikio kila nusu mita, maana barabara ya vumbi hutikisa kila kitu. Penye kona, tumia mbili za digrii 45 badala ya moja ya 90: uchafu hupita. Kabla ya gundi piga msasa, futa vumbi; ukishaipaka, sukuma bomba kwenye kiungo huku ukizungusha robo mzunguko na ushikilie nusu dakika.

Mpira ukigoma kuingia, tumbukiza ncha yake kwenye maji ya moto. Klipu za kubana mpira ziwe za stenles, chuma kisichoshika kutu upesi. Zile za bei rahisi huliwa upesi na chumvi ya bahari. Gundi ikikauka, jaza tangi, pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo uone kama panavuja. Kifuniko cha mdomo wa kutolea maji kifunge kwa mnyororo, la sivyo kitapotea.