Futi inayoanzia 283

Juzi mdogo alikuwa anapima kochi kwa futi ya chuma, mara akanijia mbio: "Baba, mbona futi yetu inaanzia 283?"

Ilibidi nikae. Futi ile nimehama nayo nyumba nne, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Klabu yetu ya redio ya ridhaa, ya kuongea na watu wa mbali kwa redio kwa kupenda tu, si kwa biashara, ilikaa pale chuoni kwenye stoo nyuma ya maabara. Mipango tuliiandika mlangoni kwa chaki. Kituo chetu wenyewe, chenye alama inayoanza na 5H kama vituo vya Tanzania. Antena ya waya juu ya paa, ya mawimbi ya mita 20, itufikishe Ulaya na Amerika. Masomo ya Jumamosi kwa watoto wa sekondari. Mstari wa mwisho aliuandika katibu, dada wa mwaka wa tatu, kwa herufi kubwa: KUONGEA NA MWANAANGA. Hakuna aliyecheka. Tulijua Kituo cha Kimataifa cha Anga kina redio ya ridhaa, na wanaanga huitumia kuzungumza na wanafunzi.

Leseni hatukuwa nayo, na michango haikutosha hata waya. Katibu akasema, basi tuanze na masikio.

Wiki ile kituo cha anga kilikuwa kinarusha picha kwa sauti kwenye megahezi 145.800. Wimbi lake ni kama mita 2, kwa hiyo antena yake mtu anaishika mkononi. Tukakata futi: sentimita 104 kwa nyuma, vipande viwili vya 45 katikati, 89 mbele, tukavifunga kwenye bomba la plastiki. Futi ilikuwa ya baba, fundi seremala. Niliikata mwenyewe kwa mkasi wa bati, na sikumwomba.

Saa moja na robo usiku tulikuwa uwanja wa mpira. Kituo kikaibuka kusini-magharibi, nyota kali isiyopepesa, ikitembea kama mtu anayejua aendako. Nikainyooshea antena. Redio ilikuwa inakoroma tu. Halafu ndani ya mkoromo ukaingia mlio mwembamba, kama nyenje anayejaribu kuimba, ukipanda na kushuka.

Katibu akaisogeza kwenye spika simu yake, yenye programu ya kugeuza mlio kuwa picha. Mstari mmoja wa bluu ukajichora juu ya kioo. Ukafuata mwingine chini yake. Kisha zikaja chenga, akanishika kiwiko: "Zungusha, kaka, zungusha taratibu." Nikalaza bomba upande, chenga zikapungua, na nusu ya herufi ikatokea. Picha moja huchukua kama dakika 2, na mimi nadhani sikupumua hata mara tatu. Mkono ulikuwa unatetemeka. Vipande vya futi navyo vilitikisika na upepo wa bahari, na kila vilipotikisika mstari mmoja uliharibika, kwa hiyo hata upepo wa jioni ile umo kwenye picha. Robo ya chini haikufika, ni chenga tupu. Nyota ilishazama upande wa bahari.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Mafunzo kwa vitendo, mitihani, mahafali. Mlango ulipakwa rangi. Katika yale ya mlangoni hatukutimiza hata moja, na kuna siku hilo linaniuma kweli. Siku nyingine naitazama ile picha yenye robo iliyokosekana na siwezi kusema tulishindwa.

Baba alikuja kuiona futi. Aliivuta, akasoma 283, akanirudishia. Hakusema kitu, akanunua nyingine.

Nilimsimulia mdogo yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na nyie mlimjibu nini?"

"Hatukuwa na ruhusa ya kujibu."

Akaiachia futi ikarudi ndani. "Bado yupo?"

"Kituo kipo. Kinapita hapa juu kila siku."

Akatoka kwenda barazani kutazama juu. Ilikuwa saa nane mchana.