Pai ya chokoleti ya bibi na kileo cha kokoa ya Kyela

Pai ya chokoleti ya bibi yangu haiokwi. Wageni wanaoionja hapa kwetu Ilala, Dar es Salaam, huuliza kwanza nina oveni ya aina gani, nami huwajibu kwamba oveni haihusiki kabisa: kinachotakiwa ni moto mdogo, friji isiyofunguliwa ovyo, na chupa ya kileo cha kokoa ambacho bibi alikuwa akikitengeneza mwenyewe. Kwa maoni yangu kileo hicho ndicho pai yenyewe. Biskuti zinaweza kubadilishwa, chokoleti inaweza kubadilishwa, hata samli ina mbadala wake, lakini ukitia kileo cha dukani unapata pai nyingine, nzuri pengine, ila si ile.

Katika miaka ya 1960 bibi alikuwa mpishi katika nyumba ya familia ya Wamarekani waliokuwa wakiishi Upanga. Marekani ya wakati ule ilikuwa imezipenda mno pai za baridi zenye vileo, na iliyovuma zaidi ni ile ya kijani iitwayo pai ya panzi, ambayo hutiwa krimu, kileo cha mnanaa na kileo cha kokoa, na imepewa jina la kinywaji chenye rangi hiyohiyo. Mama mwenye nyumba hakupenda mnanaa, kwa hiyo aliuondoa, akaibakiza kokoa na kuongeza chokoleti nyeusi. Bibi, ambaye hakusoma Kiingereza, aliikariri kazi nzima kwa kuitazama, na miaka mingi baadaye mama yangu ndiye aliyeiandika katika daftari huku bibi akimsomea kutoka kichwani. Ndiyo maana vipimo vya daftari hilo ni kama "sukari ya kutosha" na "kileo mpaka kinukie".

Wamarekani wale walipoondoka walimwachia chupa iliyobakia nusu, nayo haikudumu. Kununua nyingine hakukuwa jambo la kufikiria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata sukari na sabuni zilipatikana kwa foleni, na siagi ilikuwa ya kusikia tu. Lakini bibi alizaliwa Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mahali panapotoka sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania, na ndugu zake waliobaki kule walikuwa na mikokoa nyuma ya migomba. Reli ya TAZARA ilikuwa imekwisha kuanza kazi, kwa hiyo kifurushi cha kokoa kavu kilipanda treni Mbeya na kushuka Dar es Salaam, kwa kawaida pamoja na mchele. Pombe kali ilikuwa ni Konyagi. Hapo ndipo pai ilipokuwa ya kwetu.

Kileo hicho ninakitengeneza hivi. Kokoa iwe imevundikwa vizuri shambani, yaani mbegu zimerundikwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba kwa siku tano hadi saba kabla ya kuanikwa, kwa sababu mbegu isiyovundikwa haina harufu ya chokoleti hata uikaange namna gani. Itakuwa chungu na kali mdomoni, basi. Mbegu nzuri ukiikata katikati ina rangi ya kahawia na mipasuko ndani, ilhali mbegu mbovu ni ya zambarau au ya kijivu na imeshikamana. Zikaange katika kikaango kizito kwa moto mdogo, ukizigeuza bila kuacha, mpaka maganda yaanze kupasuka na jikoni panukie kama keki inayoiva. Zikishapoa, zimenye, uzitwange kidogo katika kinu ili ziwe chenga, si unga, kisha upepete maganda kwa ungo. Bibi alikuwa mkali sana katika hatua hii. "Mume wangu," alikuwa akiniambia, kama mabibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, "maganda ukiyaacha utakunywa vumbi."

Gramu 100 za chenga huingia katika mililita 500 za Konyagi, ambayo ina kilevi cha asilimia 35, na hukaa kabatini gizani kwa wiki moja, chupa ikitikiswa kila jioni. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya kokoa ni mafuta, na baadhi ya mafuta hayo yatakuja kuelea. Kwa hiyo baada ya kuchuja mara ya kwanza, weka chupa kwenye friji usiku mmoja ili yagande, kisha uchuje tena kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa. Chemsha gramu 200 za sukari katika mililita 200 za maji pamoja na ganda la vanila, acha shira ipoe kabisa, changanya. Utakuwa na kileo chenye takriban asilimia 20 ya kilevi, chenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na ambacho kikikaa wiki mbili zaidi kinapoteza ule ukali wa Konyagi. Vanila sihitaji kusema ni ya wapi, Kagera inatosha. (Zamani bibi alikuwa akitumia viroba, yaani vifuko vidogo vya pombe kali, kwa sababu vilikuwa na kipimo tayari. Serikali ilipovipiga marufuku mwezi Machi 2017 alilalamika kwa siku nzima, yeye ambaye hakuwahi kunywa hata kimoja.)

Kitako cha pai hakina maneno mengi. Ponda gramu 200 za biskuti za kawaida za ngano, tia chumvi kidogo na gramu 80 za samli iliyoyeyushwa, kandamiza katika sahani ya pai ya sentimita 23 kwa kitako cha glasi, weka kwenye friji. Samli iliingia kwa sababu siagi haikuwapo, na imebaki hata sasa ambapo siagi imejaa madukani, kwa kuwa samli haina maji na biskuti hazilowi upesi.

Ujazo ndio unaohitaji akili, hasa katika joto la Dar es Salaam. Loweka gramu 7 za jelatini katika mililita 60 za maji baridi. Piga viini vitatu vya mayai na gramu 80 za sukari, miminia mililita 120 za maziwa ya moto kidogo kidogo, kisha rudisha mchanganyiko jikoni kwa moto mdogo kabisa, ukikoroga mpaka ushike mgongo wa mwiko. Usiuache uchemke, kwani viini vikipita nyuzi 85 hivi hukatika na kuwa chengachenga. Epua, tia jelatini, koroga iyeyuke, halafu tia gramu 150 za chokoleti nyeusi iliyokatwakatwa. Katika daftari kuna hatua moja ambayo nimeifuta kwa makusudi: ute mbichi wa mayai uliopigwa povu, kama pai nyingi za zamani za aina hii zilivyotengenezwa. Povu hilo linafanya ujazo uwe mwepesi sana, nakubali, lakini mayai mabichi, nyumba yenye wazee na watoto, na umeme unaoweza kukatika kwa muda wa saa tatu, ni mambo ambayo sitaki kuyakutanisha. Krimu peke yake inatosha.

Sasa subiri. Kileo hakiingii katika mchanganyiko wa moto, kwa sababu kilevi ndicho kinachobeba harufu ya kokoa mpaka puani, nacho huruka upesi. Ukikitia mapema jikoni patanukia vizuri na pai haitanukia kitu. Wapishi wa nchi za baridi huonywa kwamba mchanganyiko wa jelatini ukisubiri sana utaganda mikononi mwao. Sisi hatuna shida hiyo. Mezani kwangu mwezi Februari hakuna kinachoganda, kwa hiyo ninaweza kwenda kuoga na kurudi, nikaukuta ungali mwororo, na ndipo ninapotia mililita 75 za kileo. Si zaidi. Kuna shangazi yangu anayeamini kwamba kileo kingi ni ukarimu, na pai yake huliwa kwa kijiko kama uji, kwa sababu kilevi kikizidi jelatini hulegea na krimu haishiki hewa.

Joto hilohilo linalotusaidia hapo linatuadhibu kwenye krimu. Krimu huumuka kwa sababu matone ya mafuta yaliyo magumu kwa baridi hushikana kuzunguka hewa, na katika jikoni lenye nyuzi 32 matone hayo hulainika kabla hujamaliza kupiga. Chagua krimu yenye mafuta ya asilimia 35 au zaidi, laza kwenye friji usiku kucha mililita 300 za krimu hiyo pamoja na bakuli la chuma na mchapo, kisha weka bakuli ndani ya beseni la barafu iliyonyunyiziwa chumvi ya mawe, ambayo huishusha barafu chini ya sifuri. Piga mpaka krimu isimame kwa ulegevu, usingoje iwe ngumu. Ichanganye na chokoleti kwa mafungu matatu, ukikunja kutoka chini kwenda juu badala ya kukoroga, mimina juu ya biskuti, uifunike na kuiacha kwenye friji saa sita au zaidi.

Kwa sababu kileo hakipikwi, kilevi chake hakiondoki. Hesabu yake ni ndogo, kiasi cha mililita moja na nusu katika kila kipande kati ya vipande kumi, lakini nusu ya ukoo wetu ni Waislamu na kwao udogo wa hesabu si hoja, wala watoto hawapewi. Bibi alilijua hilo kabla yetu sote, kwa hiyo siku zote zilitoka pai mbili, na ile ya pili ilitiwa kahawa nzito iliyochemshwa na iliki mahali pa kileo. Mimi nimeongeza jambo moja tu: jelatini ya pai hiyo iwe ya ng'ombe na yenye nembo ya halali, maana nyingine hutokana na nguruwe na pakiti si zote zinazosema wazi. Pai ya kahawa huwekwa alama ya punje moja ya kahawa katikati, na ya kileo chenga tatu za kokoa, ili mtu asikosee gizani umeme ukikatika.

Mikutano yetu ya familia imekwisha kugawanyika juu ya jambo moja ambalo daftari halilisemi, yaani kama tangawizi iliwahi kuwamo. Mama anasema hapana. Shangazi, yule wa kileo kingi, anasema bibi alikuwa akikuna kidogo kwenye shira wakati wa mvua za masika, na kwamba mama hakuwapo nyumbani miaka hiyo. Nimekwisha kujaribu, kipande chenye ukubwa wa kidole gumba katika shira ya chupa moja, na sina budi kukiri kwamba upande wa shangazi una ladha nzuri zaidi, ingawa mama akiuliza nitaendelea kusema ni chupa ya majaribio.