Nilivyoliwekea duka langu nguzo za kuzuia magari

Duka langu la simu na vifaa vya umeme lipo Ngamiani, Tanga, likitazamana na mtaa ulionyooka ambao humpa dereva nafasi ya kutosha kushika kasi. Duka la jirani lilipovunjwa usiku kwa pikapu iliyorudi kinyumenyume mpaka shata likaingia ndani, wengi walikimbilia kuongeza makufuli. Mimi niliona kwamba shata, hata liwe zito namna gani, hushikiliwa na boliti chache za ukutani, kwa hiyo gari lizuiwe kabla ya kulifikia.

Baraza la saruji lilikinga upande mmoja tu, na mlangoni palikuwa wazi. Kwa kuwa pale mbele ni hifadhi ya barabara, nilipitia kwanza ofisi ya mtaa na Halmashauri ya Jiji kuomba kibali. Kisha nilinunua mabomba ya chuma ya inchi 4, nikapanga kuyajaza zege na kuyaachanisha kwa nafasi isiyozidi mita 1.2, gari dogo lisipenye, wala isiyopungua sentimita 90, mkokoteni na kiti cha magurudumu vipite.

Tulibishana kuhusu msingi. "Mzee wangu, sahani na boliti nne juu ya sakafu zinatosha," fundi alisema. Nilikataa, kwa sababu gari la kilomita 60 kwa saa huja na nishati mara nne ya lile la kilomita 30, na nguzo iliyofungwa juujuu hung'oka pamoja na kipande cha sakafu. Tulichimba karibu mita moja. Shimo moja lilitufikisha kwenye bomba la maji, ikatubidi tusogeze shimo hilo kando na kuchimba mfereji wa kina kifupi, ambamo fundi alisuka nondo za kuunganisha miguu ya nguzo zote, ili ikigongwa moja nyingine ziishikilie. Kazi hiyo, kusema kweli, aliifanya vizuri kuliko nilivyotarajia.

Zege lilimwagiliwa maji kwa wiki nzima. Kutokana na hewa ya chumvi, nguzo zilipakwa rangi ya kuzuia kutu, hasa pale zinapotokea ardhini, kwani maji hutuama hapo. Ya katikati ni ya kuchomoa: hufunguliwa kwa kufuli mzigo unaposhushwa, na kijana wa duka huirudisha kabla ya kufunga hesabu.