Kupanda Amani kabla ya Lushoto

Tanga mjini hatuna kilima. Baiskeli tunazo, tena tele. Mgeni utamjua kwa jinsi anavyoshangaa akimwona mama wa makamo anatoka soko la Mgandini juu ya Phoenix, baibui kalikunja na kulikalia lisiingie kwenye mnyororo, kikapu kimefungwa kwa mpira kwenye keria. Sisi tumezaliwa tukiyaona hayo. Ila mpando wa kumtoa mtu pumzi haupo, na ndiyo maana kikundi chetu kilipoalikwa kwenye msafara wa baiskeli wa Lushoto, kila mtu aliitikia kwa sauti kubwa, kisha akaenda nyumbani kuwaza.

Msafara wenyewe unaanzia Mombo. Pale uko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto ni kama 1,400, na katikati kuna kilomita 33 hivi za lami nyembamba iliyojikunjakunja ubavuni mwa mlima, ukipitia Soni kwenye maporomoko. Ukipiga hesabu, ni wastani wa mita 3 za kupanda kwa kila mita 100 za barabara. Hapo hapatishi. Kinachotisha ni kwamba mpando hauishi. Mtu wa Chumbageni aliyezoea kwenda Raskazone jioni kupunga upepo hajawahi kukanyaga pedeli asubuhi nzima bila kupata mahali pa kuiacha baiskeli ijiendee yenyewe.

Kapteni wetu akaamua twende kwanza Amani, kule milimani juu ya Muheza, tukajipime. Tanga mpaka Muheza ni kama kilomita 35 za lami. Muheza unaacha barabara kuu, unaingia vumbi mpaka Zigi, na Zigi ndipo mlima unapoanza. "Atakayefika Amani akashuka salama, Lushoto atakwenda," alisema. Wote tulisikia sehemu ya kufika.

Nikaipeleka Phoenix yangu kwa fundi, Ngamiani. Akaizunguka, akaipiga teke tairi la nyuma, akaniangalia.

"Dada, wenda Lushoto na hii?"

"Naenda, kaka. Ina nini?"

"Haina kitu. Ndiyo tabu yake."

Akachukua chaki, akaweka alama kwenye jino moja la gia ya mbele, akanihesabia: 48. Nyuma 18. Maana yake, pedeli ikizunguka mara moja, tairi linazunguka mara mbili na zaidi, na baiskeli inasogea karibu mita 6. Kwenye tambarare hiyo ni raha tupu. Mlimani ni sawa na kuambiwa upande ngazi kwa kuruka vidato vinne vinne. Nyuma ya kibanda alikuwa na baiskeli ya mtumba, ile ya gia nyingi, mbele ina duara dogo la meno 28 na nyuma kubwa la 28. Ukiweka hizo mbili, mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka mita 2 na kidogo. Unakwenda polepole mpaka watoto wanakupita kwa miguu, lakini unakwenda. Tukapatana bei, Phoenix ikabaki kwake kama sehemu ya malipo. Mama alinuna. Ile baiskeli ilikuwa na historia nyumbani.

Babu wa kikundi chetu, mstaafu wa mashamba ya mkonge, hakutaka kusikia habari za mtumba. Alichokubali ni fundi kumbadilishia flaiwili tu, ile gia ya nyuma, atoe ya meno 18 aweke ya 22. Akanunua na raba mpya za breki, akarudi zake nyumbani akipiga kengele.

Sasa mazoezi. Mtu wa tambarare atapata wapi mlima? Tulipanda upepo. Kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi pwani yetu inavuma kusi, na barabara ya Pangani inakwenda kusini. Basi jioni tulikuwa tunatoka mjini kuelekea Tongoni kwenye magofu, upepo usoni, gia nzito kwa makusudi, tumeinamia usukani hatuongei. Kurudi unasukumwa mgongoni na unajiona bingwa. Dada mmoja nesi alibuni lake: alifunga dumu la maji la lita 20 kwenye keria akawa anazunguka nalo Barabara ya 1 mpaka za juu huko na kurudi. Ilibidi aache, maana kila kona alikuwa anasimamishwa. "Dada, dumu bei gani?"

Siku ya safari tulikutana baada ya swala ya alfajiri. Kila mtu alikuwa amekunywa chai na kitu kizito, mihogo ama chapati na maharage, na mifukoni tumeweka tende na kashata. Nesi aligawa pakiti za chumvi na sukari zile wanazopewa watoto wa kuharisha, akasema jasho linatoka na chumvi, ukirudisha maji matupu misuli itakukaza. Kapteni akakagua breki za kila mmoja kwa kuziminya mwenyewe. Kijana mmoja waya wake ulikuwa umebaki nyuzi mbili tatu tu. Tukamsubiri abadilishe, gizagiza, tochi ya simu mdomoni.

Mpangilio wa msafara ulikuwa wa ajabu kidogo. Babu aliwekwa mbele kabisa na akapewa kazi ya kusimulia. Sharti la Kapteni lilikuwa hili: Babu akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, mwendo umezidi, wote wapunguze. Hakuna saa wala kipimo cha mapigo ya moyo kilichohitajika. Vijana walicheka. Tulipita Kange, mabasi ndiyo kwanza yanaanza kupiga honi, tukashika Pongwe, na Babu alikuwa ameshafika mwaka 1893.

"Huo ndio mwaka mkonge ulioingia nchi hii," alikuwa anasema kwa sauti ya kushindana na malori ya saruji. "Mjerumani mmoja, Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Unajua ilifika mingapi hai, mjukuu wangu?"

"Mingapi, Babu?"

"Miche 62! Ikapandwa Kikogwe, kule Pangani. Haya mashamba yote uliyoyaona maisha yako yameanzia kwenye 62 ile."

Hakuhema. Mwendo ulikuwa sawa.

Pongwe ndipo penye shughuli, kwa sababu ya malori ya kiwanda cha saruji. Tulikwenda mstari mmoja, wa mbele akiona shimo anapaza sauti "shimo!" na linapokezwa nyuma mpaka mkia, na wa mwisho akisikia basi anapaza "gari!" nalo linapokezwa mbele. Kuna jambo moja sikuwa nimelifikiria mpaka nikawa pale. Kwenye kikundi unajificha upepo nyuma ya mwenzako, na kusi asubuhi ile ilikuwa inatupiga ubavu wa kushoto. Sasa ukitaka kivuli cha upepo inabidi ukae nyuma yake kidogo kuelekea kulia, yaani katikati ya barabara, kwenye njia ya malori. Kapteni alikataza kabisa. Tuliula upepo wetu mzima mzima mpaka Muheza.

Vijana watatu walichoka kusikiliza mkonge, wakatutoka kwa kasi wakitupungia mikono. Babu wala hakugeuza shingo. "Waache. Tutawakuta wamekaa."

Tuliwakuta Muheza wamekaa, chini ya mti, kila mmoja na rundo la maganda ya machungwa. Msimu ulikuwa umechanganya, machungwa yamepangwa mafungu mafungu kandokando ya barabara na bei ni ya kuona haya kushindana nayo. Tulikula yakatutosha, tukajaza chupa za maji, tukaingia vumbi.

Njia ya Muheza kwenda Zigi sitaieleza sana. Ni vumbi, kokoto, bodaboda, na watoto wanaokimbia pembeni wakikuuliza unakwenda wapi kisha hawakuamini. Ila ujue kwamba hapo tayari unapanda bila kujua. Unajiuliza mbona miguu mizito, unatazama tairi kama limepungua upepo, kumbe barabara inainuka kidogo kidogo. Tulifika Zigi jua limeshakuwa kali. Ile stesheni ya zamani ya reli nyembamba ya Wajerumani, iliyokuwa ikitokea Tengeni, bado nyumba yake imesimama, na hapo ndipo pa kuingilia hifadhi ya Amani. Reli iliishia hapo. Tulijiandikisha, tukalipa, tukala tende.

Kisha mlima. Msitu ulitufunika mara moja, hewa ikawa baridi na ya majimaji. Huku kunanyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka na unauona utajiri huo kwenye kila jiwe lenye kuvu. Niliweka gia ile ya 28 kwa 28 kabla ya kona ya kwanza. Fundi alinikanya nisisubiri mpaka nizidiwe, maana mnyororo ukibadilishwa huku umekazwa kwa nguvu zote za mguu unaruka au unakatika. Nikaanza kupiga pedeli ndogo ndogo. Jasho lilikuwa linadondoka puani linatua kwenye usukani, palepale, tone baada ya tone, mpaka pakawa na alama nyeupe ya chumvi. Macho niliyaweka kwenye tairi la nesi aliyekuwa mbele yangu. Nikitazama juu nilikuwa naona barabara ileile, kona nyingine, imekaa juu ya kichwa changu.

Mbega walikuwa wanarukaruka juu yetu. Mahali fulani kulikuwa na harufu ya iliki kali kabisa, halafu ikapotea. Wale vijana watatu walianza kusimama. Wa kwanza alisema anafunga kamba ya kiatu.

Babu na Phoenix yake alikuwa na utaratibu wake. Penye mwinuko wa wastani alipanda kwa kukata barabara kimshazari, kushoto kulia, kushoto kulia. Palipozidi alishuka, akaweka mkono mmoja kwenye tandiko na mmoja kwenye usukani, akatembea. Bila haraka na bila aibu. Mimi niliyekuwa juu ya gia zote zile sikumwacha hata hatua 20, na kwa muda mrefu tulikwenda sambamba, mmoja anaendesha na mwingine anatembea, tukizungumza habari za bei ya mafuta ya taa.

Amani iko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakaleta miti ya kutoka kila upande wa dunia kuijaribu, na mingi bado ipo, mikubwa ya kuzungukwa na watu kadhaa. Nesi alikwenda moja kwa moja kuuliza mkwinini. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, meli zikiwa haziwezi kufika, kwinini ya kutibu malaria ya askari ilitengenezwa hapahapa kwa magome ya mti huo. Tulikunywa chai ya tangawizi, tukajinyoosha chini kwenye majani kila mtu na mkao wake. Tulifika. Nilidhani kazi imekwisha.

Kapteni akasimama. "Sasa ndiyo mtihani."

Alitupanga upya, nafasi kubwa kati ya mtu na mtu, hakuna kumpita mwenzako, na kila baada ya kona kadhaa wote tunasimama. Breki zote mbili, unaminya unaachia, unaminya unaachia. Ukiminya ya mbele peke yake kwenye kokoto, tairi linateleza na wewe unaondoka nalo. Ukiminya ya nyuma mfululizo, rimu inapata moto. Hilo la moto niliona kama anatutia hofu. Kwenye kituo cha kwanza nikagusa rimu ya Babu kwa kidole, nikakitoa mbio. Babu akamimina maji kidogo kwenye kitambaa akaikanda rimu taratibu, kama mtu anayemkanda mgonjwa, akanambia, "Nawe ngoja ipoe. Usimwagie maji ghafla."

Kijana mmoja hakungoja. Kona chache chini yake tukasikia mshindo mdogo, halafu pshhh ndefu. Tulipofungua tairi, tyubu ilikuwa na kiraka cha zamani, na joto la rimu lilikuwa limelainisha solusheni yake, kiraka kimejivua chenyewe. Alikuwa anakwenda taratibu, kwa bahati, akaishia kwenye nyasi. Vidole vyangu wakati huo vilikuwa vimekakamaa kwa kuminya breki kiasi kwamba kushika pampu nilisaidiwa. Mapaja yalikuwa hayana neno. Miezi yote ya Tongoni hakuna aliyefanya mazoezi ya mikono.

Sasa tumebaki na ubishi mmoja. Mombo ni zaidi ya kilomita 120 kutoka Tanga, na kuanzia Segera unakuwa kwenye barabara kuu ya mabasi ya Arusha na Moshi. Vijana wanataka tuendeshe mpaka huko kisha tupande. Mimi na nesi tumesema baiskeli zipakiwe kwenye Fuso mpaka Mombo, zifunikwe magunia zisigongane, tuanze mlima tukiwa wazima. Kura zimekuwa sawa kwa sawa. Babu alipoulizwa akasema yeye atapanda Fuso, ila mbele, kwa dereva, kwa sababu habari ya mkonge wa Korogwe hajaisimulia bado.